UCHAMBUZI: Ugomvi wa kijia ni vita vya panzi, anayeweza kuumiza ndiye apishe

KILA wikendi, jua linapoanza kupenya katikati ya miti ya msitu wa Karura jijini Nairobi, vijia vya udongo mwekundu hujaa watu wa kila aina. Kuna wazee wanaotembea polepole kwa kuagizwa na daktari, wazazi wanaosukuma vigari vya watoto, wakimbiaji wanaojinoa kwa mashindano, na watu wanaotembeza mbwa wao. Kuna pia waendesha baiskeli: baadhi wamekodi baiskeli palepale msituni ili wajiburudishe kwa saa moja, na wengine ni mahodari waliozoea kupanda milima.

Mara kengele inalia kwa nyuma. Anayetembea anashtuka na kurukia upande wa kushoto. Mwenye baiskeli naye alikuwa amekwisha kuamua kupitia upande uo huo. Breki zinalia, vumbi linatimka, na ingawa aghalabu hakuna anayeumia, maneno makali hutolewa na pande zote mbili. Mmoja analalama kwamba nusura auawe. Mwingine anauliza ni vipi mtu mzima atembee katikati ya njia kana kwamba alijengewa peke yake.

Kilomita chache kutoka hapo, alfajiri ya siku ya kazi, kisa kicho hicho hutokea kandokando ya barabara kuu ya Thika. Hapa hakuna anayejiburudisha. Mwenye baiskeli ni fundi au mlinzi anayewahi zamu. Anayetembea ni kibarua wa kiwandani aliyeamua kuihifadhi nauli ya matatu ili watoto wapate chakula cha jioni. Kule msituni watu hugombania starehe na huku hugombania riziki, lakini swali ni lilo hilo: Njia ikiwa moja na wapitaji ni wengi, nani ampishe mwenzake?

Huenda baadhi wakaliona swali hili kuwa dogo katika nchi yenye matatizo makubwa. Hata hivyo, kulingana na takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani (NTSA), zaidi ya watu 4,000 walifariki katika ajali za barabarani nchini Kenya kila mwaka kati ya 2021 na 2024, na kundi kubwa zaidi la waliopoteza maisha ni la watembeao kwa miguu. Waendesha baiskeli nao wamo katika orodha hiyo. Wengi mno wa marehemu hao waligongwa na magari na pikipiki, wala hawakugongana wao kwa wao.

Ndiyo maana inashangaza kwamba makundi haya mawili, ambayo yote ni mawindo ya magari, hutumia nguvu nyingi kulaumiana. Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Wakati panzi wa kijia wanapigana, barabara inazidi kupanuliwa kwa ajili ya magari, na kijia kinazidi kuwa chembamba.

Msitu uliopiganiwa na wote

Karura ni mahali panapofaa kuanzia kwa sababu vijia vyake havikupatikana bure. Msitu huo, wenye ukubwa wa hekta zipatazo 1,000, ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka wa 1932. Katika miaka ya 1990, sehemu zake zilianza kumegwa na kugawiwa wastawishaji wa kibinafsi. Mnamo Januari 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa na kujeruhiwa na wahuni waliokodiwa walipokwenda kupanda miti kama ishara ya kupinga unyakuzi huo. Picha zake akiwa na jeraha kichwani zilienea duniani, na mwaka wa 2004 akatuzwa Nishani ya Amani ya Nobel.

Hata baada ya unyakuzi kuzimwa, kwa miaka mingi watu waliogopa kuingia Karura kwa sababu ya majambazi. Ni baada ya Shirika la Huduma za Misitu Kenya (KFS) kushirikiana na wakazi walioungana katika chama cha Friends of Karura Forest ambapo ua wa umeme ulijengwa, walinzi wakaajiriwa, na vijia vikawekewa nambari kwenye makutano ili mgeni asipotee.

Waliopigania msitu huo hawakuulizana nani anatembea na nani anaendesha baiskeli. Walidai mahali pa umma pabakie pa umma. Mtu anayepita hapo leo kwa kasi akiwatawanya wazee kama kuku, au anayesimama katikati ya njia akikataa katakata kusogea, anasahau kwamba amealikwa katika karamu iliyoandaliwa na wengine.

Kila upande una haki ya kusikizwa

Malalamishi ya watembeao ni ya kweli. Baiskeli haina mngurumo. Humfikia mtu kimyakimya, na kengele ikilia huwa imekwisha kukaribia mno. Baadhi ya waendeshaji huja kwa makundi, wakishindana na saa au na programu za simu zinazopima nani amekamilisha mzunguko kwa dakika chache zaidi. Kwao, anayetembea ni kizuizi kinachoharibu rekodi.

Kwa kijana, kuanguka ni michubuko na aibu. Kwa mzee wa miaka 70, kuanguka mara moja kunaweza kuvunja nyonga, na wengi wa umri huo waliovunjika nyonga hawarudi tena kutembea kama zamani. Mtoto wa miaka 4 hatembei kwa mstari ulionyooka. Humfuata kipepeo popote aendapo. Kipofu mwenye fimbo nyeupe hutegemea sauti, na kiziwi hata akipigiwa kengele mara kumi hasikii. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mlemavu haki ya kufika mahali pote pa umma kwa njia ifaayo. Haki hiyo haina maana iwapo njia ya kufika huko inamtia hofu.

Hata hivyo, waendesha baiskeli nao wana yao ya kusema. Marafiki watano hutembea wakiwa wamejipanga kama ukuta, wakizungumza bila kutazama nyuma. Mkimbiaji huwa ameziba masikio kwa muziki, kisha akageuka ghafla kurudi alikotoka bila kuangalia. Mwenye mbwa huwa upande huu wa njia na mbwa wake upande ule, na kamba iliyo kati yao ikawa mtego. Isitoshe, mwenye baiskeli hulaumiwa kwa vyovyote vile: akipiga kengele anaambiwa anafukuza watu, asipopiga anaambiwa ananyatia.

Kando ya barabara kuu hali yake ni ngumu zaidi. Njia aliyotengewa imejaa vibanda vya wachuuzi, magari yaliyoegeshwa na pikipiki zinazokwepa msongamano. Akiamua kuingia barabarani, dereva wa lori humpigia honi akimtaka arudi pembeni. Akirudi pembeni, watembeao humwambia aende barabarani pamoja na magari. Barabarani huhesabiwa kuwa mtembeaji, na kwenye njia ya watembeaji huhesabiwa kuwa gari. Kwa ufupi, hana kwao.

Hesabu za kasi

Pamoja na hayo, haki ya kusikizwa haimaanishi kwamba mizigo ya pande hizi mbili ni sawa. Hesabu nyepesi zinaonyesha hivyo.

Mtu wa kawaida hutembea kwa kasi ya kilomita 5 kwa saa, yaani chini kidogo ya mita moja na nusu kwa sekunde. Baiskeli iendayo kilomita 20 kwa saa, kasi ambayo mwendeshaji wa wastani huifikia bila jasho kwenye mteremko, husafiri zaidi ya mita tano na nusu kwa sekunde. Iwapo wawili hawa wanakutana ana kwa ana kwenye kona wakiwa mita 14 kutoka kwa mwenzake, wana sekunde 2 pekee kabla ya kugongana. Katika sekunde 2 hizo, anayetembea anaweza kupiga hatua tatu au nne. Mwenye baiskeli anahitaji sekunde nzima ili macho yaone, akili iamue na vidole vibane breki; na breki zenyewe, juu ya changarawe au matope ya msimu wa mvua, haziaminiki.

Tena, nguvu ya mgongano haiongezeki sawasawa na kasi. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Kwa sababu hiyo, mwendeshaji anayepunguza mwendo kutoka kilomita 20 hadi 10 kwa saa anapompita mtu amepunguza robo tatu ya madhara anayoweza kusababisha. Gharama kwake ni sekunde chache na jasho kidogo la kuanza upya kukanyaga pedali. Ni vigumu kupata mahali pengine ambapo usalama mkubwa hivyo hununuliwa kwa bei nafuu hivyo.

Hesabu hizo pia zinaeleza jinsi ya kutumia kengele. Ikipigwa mita 25 nyuma ya anayetembea, mwenye baiskeli akiwa katika kasi hiyo ya kilomita 20, humpa anayetembea sekunde kama 6 za kusikia, kugeuka na kusogea. Ikipigwa mita 5 nyuma yake, humpa zaidi kidogo ya sekunde moja, muda unaotosha kushtuka tu na kurukia upande usiofaa. Kengele ni ile ile. Katika hali ya kwanza inatoa salamu na katika ya pili inatoa kitisho.

Methali inayostahili kugeuzwa

Kuna methali ya kale inayosema mwenye nguvu mpishe. Ilikuwa nasaha ya mnyonge ajihadhari asije akaumia. Tatizo ni kwamba barabara za Kenya zimeigeuza nasaha hiyo kuwa sheria isiyoandikwa. Lori humtisha dereva wa gari dogo, gari dogo humtisha mwenye pikipiki, pikipiki humtisha mwenye baiskeli, naye mwenye baiskeli, akifika kwenye kijia na kumkuta wa chini yake, humlipizia yale aliyotendewa barabarani.

Mataifa mengine yameamua kuigeuza ngazi hiyo. Uingereza, ambako Kenya ilirithi desturi ya kuendesha upande wa kushoto, ilifanyia marekebisho kanuni zake za barabarani mnamo Januari 2022. Kanuni hizo zinasema wazi kwamba anayeweza kusababisha madhara makubwa zaidi ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kupunguza hatari. Dereva wa lori yuko juu kabisa kwa wajibu, na anayetembea yuko chini kabisa. Mwenye baiskeli yumo katikati: anadai kulindwa dhidi ya magari, na yeye anadaiwa kumlinda anayetembea. Kwenye njia za pamoja anatakiwa asimpite mtu kwa ukaribu au kwa kasi, hasa kutoka nyuma, apunguze mwendo inapohitajika na ajitambulishe kwa kengele au kwa maneno ya adabu, akikumbuka kwamba huenda aliye mbele yake ni kiziwi au kipofu. Kanuni hizo hazikumwondolea anayetembea wajibu wa kuwajali wenzake.

Kwa Kenya, somo kubwa zaidi pengine linatoka Japani. Katika miaka ya 1970, magari yalipokuwa yakiua watu wengi, nchi hiyo iliwaruhusu waendesha baiskeli kupitia baadhi ya njia za watembeao. Nia ilikuwa njema, lakini hatari haikuondolewa. Ilihamishwa tu kutoka kwa mwenye baiskeli hadi kwa anayetembea. Mwaka wa 2013, mahakama moja mjini Kobe iliamuru mama alipe fidia ya takriban yen milioni 95 baada ya mwanawe, aliyekuwa mwanafunzi wa shule ya msingi wakati wa ajali, kumgonga kwa baiskeli mwanamke aliyekuwa akitembea na kumwacha bila fahamu. Tangu Novemba 2024, kutumia simu huku ukiendesha baiskeli nchini humo kunaweza kumpeleka mtu jela kwa muda wa hadi miezi 6.

Japani ilifika hapo baada ya nusu karne ya kuwabana wanyonge wawili katika njia moja. Kenya ingali na nafasi ya kujifunza kabla ya kulipa gharama hiyo.

Hodi ya njiani

Sheria peke yake haitoshi, kwani hakuna askari wa kusimama kila kona ya msitu. Kinachobaki ni adabu, na adabu ya njiani si kitu kigeni katika utamaduni wa Kiswahili. Mtu hafiki mlangoni pa mwenzake akaingia moja kwa moja. Hupiga hodi, akasubiri akaribishwe. Katika vichochoro vya Lamu na vya Mji wa Kale wa Mombasa, ambamo nyumba zimekaribiana hata watu wawili hupishana kwa kugeuza mabega, wasukuma mikokoteni na wenye punda hupaza sauti kuomba njia kabla hawajafika. Anayesikia husogea ukutani, na aliyepishwa hushukuru. Watu wameishi hivyo kwa karne nyingi bila kibao chochote.

Adabu hiyo ndiyo inayohitajika kijiani. Mwenye baiskeli apige kengele mapema, mara moja au mbili, kisha aseme anapitia upande gani. Kwa kuwa nchini humu hupitwa kwa upande wa kulia, maneno machache kama "Samahani, napita kulia kwako" yanaondoa utata wote. Akiona mtoto, mzee, mbwa au farasi, apunguze mwendo hadi wa kutembea. Akiona hajasikika, ashuke. Kwenye kona asiyoiona ng'ambo yake, aende kama mtu anayetarajia kumkuta mwingine. Akitaka kushindana na saa, atafute siku na saa ambazo kijia ni kitupu, au aende kwenye mashindano rasmi.

Anayetembea naye ana hodi yake ya kuitikia. Ashike upande wa kushoto. Wakiwa wengi, wajipange wawiliwawili. Sikio moja liachwe wazi hata kama muziki ni mtamu. Kabla ya kugeuka au kusimama ghafla, atupe jicho nyuma. Kamba ya mbwa ifupishwe pindi baiskeli inapokaribia. Akisikia kengele, asiruke. Aendelee na mstari wake ili mwenye baiskeli ajue mahali pa kupitia. Na akipishwa kwa heshima, aitikie salamu. Waliosalimiana mara moja si rahisi watukanane siku ya pili.

Mkeka mwembamba

Lakini itakuwa dhuluma kuwahubiria adabu watu waliolazwa wengi kwenye mkeka mwembamba bila kumuuliza aliyeutandika. Wataalamu wa barabara nchini Marekani hupendekeza njia ya pamoja inayopitika pande zote mbili iwe na upana wa angalau mita 3. Mwongozo uliotolewa na serikali ya Uingereza mwaka wa 2020 ulikwenda mbali zaidi na kushauri kwamba mijini baiskeli zichukuliwe kuwa vyombo vya usafiri na zitenganishwe na watembeao. Kwa mujibu wa mwongozo huo, kuchanganya makundi haya mawili kunafaa pale tu ambapo wapitaji ni wachache.

Nairobi haikukosa maono. Mnamo 2008, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), lenye makao yake Gigiri karibu na Karura, lilianzisha mpango wa kuhimiza barabara zinazowajali wasio na magari, na barabara ya UN Avenue ikawa mfano wa mwanzo. Barabara kuu ya Thika, iliyozinduliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, ilijengwa ikiwa na njia za watembeao na baiskeli. Mwaka wa 2015, serikali ya Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, ikaahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara kwa watembeao na waendesha baiskeli. Kuanzia 2020, Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi (NMS), ambayo muda wake ulikamilika 2022, ilipanua njia za watembeao katikati mwa jiji, ikiwemo Kenyatta Avenue.

Tatizo ni kinachofuata baada ya utepe kukatwa. Njia inayoanza vizuri hukatika ghafla kwenye kituo cha matatu. Mfuniko wa mtaro huibwa na shimo likaachwa wazi. Nguzo ya umeme husimama katikati ya njia ya baiskeli. Mchuuzi hutandika nguo zake hapo, naye si wa kulaumiwa peke yake, kwani wateja wake ni wao hao watembeao na soko alilojengewa halina wapitaji. Kisha bodaboda huingia, zikiwa na injini na uzani ambao kijia hakikukusudiwa kuubeba.

Nafasi ya mita 3 huishia kuwa ya mita moja, na katika mita hiyo moja ndimo mlinzi mwenye baiskeli na kibarua wa kiwandani wanamotarajiwa kuonyeshana ustaarabu. Kwa upande mwingine, barabara ya Nairobi Expressway yenye urefu wa kilomita 27, iliyofunguliwa kwa umma mwaka wa 2022, hairuhusu anayetembea, baiskeli wala pikipiki kuingia. Mwenye gari na nauli ya kuilipia amepata barabara yake mwenyewe huko juu. Wasio na magari wamebaki chini wakisukumana.

Kinachowezekana

Baadhi ya mambo hayahitaji mabilioni. Katika misitu na bustani, vijia vyembamba vyenye kona kali vinaweza kutengwa kwa watembeao pekee, na vile vipana vikawa vya pamoja. Mzunguko wa baiskeli unaweza kuelekezwa upande mmoja ili watu wajue hatari hutoka wapi. Saa za asubuhi ya Jumamosi na Jumapili, ambapo familia ni nyingi, zinaweza kuwekewa masharti ya mwendo. Kila baiskeli ya kukodi inaweza kukaguliwa kengele na breki kabla ya kutolewa, na anayeikodi akaelezwa kanuni kwa dakika moja.

Mijini, kaunti zina wajibu ambao haziwezi kuukwepa, kwani Jedwali la Nne la Katiba lilizikabidhi barabara za kaunti, taa za barabarani na usimamizi wa trafiki. Ahadi ya asilimia 20 inafaa kuonekana kwenye bajeti inayochapishwa, ikiwa na majina ya barabara na urefu wa njia zitakazojengwa, ili mwananchi aweze kuuliza. Wapitaji wanapokuwa wengi, watenganishwe kwa ukingo halisi, kwa sababu mstari wa rangi hufutika kabla mwaka haujaisha.

Baiskeli za umeme nazo zinakuja, na haifai zipokewe kwa mshangao kama bodaboda zilivyopokewa. Katika Muungano wa Ulaya, baiskeli inayosaidiwa na mota hubakia kuhesabiwa kuwa baiskeli iwapo mota yake haizidi wati 250 na huacha kusukuma inapofikia kilomita 25 kwa saa. Chombo kinachopita hapo ni pikipiki hata kama kina pedali, na mahali pake ni barabarani. Iwapo wasimamizi wa misitu na miji nchini hawataamua mapema mpaka uko wapi, wataamua baada ya mazishi.

Shule pia zina nafasi. Watoto wengi wa Kenya hutembea kwenda shuleni na baadhi huendesha baiskeli. Mtoto anayefundishwa mapema kwamba ukiwa juu ya baiskeli wewe ndiye mwenye wajibu kwa aliye chini, huenda akakumbuka hivyo siku atakapokuwa nyuma ya usukani wa matatu.

Hapo ndipo mzizi wa jambo hili ulipo. Mwenye baiskeli anayedai lori limpishe ana haki kabisa ya kudai hivyo. Dai lake linasimama juu ya kanuni moja: mwenye uzani na kasi amhurumie asiye navyo. Hawezi kuishika kanuni hiyo barabarani na kuiangusha kijiani. Anayetembea naye anahitaji kutambua kwamba kila baiskeli iliyo njiani ni gari moja lisilomtishia maisha, na kwamba siku waendesha baiskeli watakapofukuzwa kijiani, njia haitapanuliwa kwa ajili yake, patawekwa maegesho.

Chama cha Critical Mass Nairobi, ambacho kwa zaidi ya mwongo mmoja kimekuwa kikiandaa misafara ya kila mwezi ya baiskeli jijini, kimeonyesha kwamba wanyonge wakitokea kwa wingi magari hulazimika kuwatambua. Misafara hiyo ingekuwa na uzito zaidi iwapo kandoni mwake kungekuwa na watembeao wakidai jambo lilo hilo kwa sauti moja: njia pana, taa na vivukio.

Hadi siku hiyo, kijia kitabaki chembamba, na mwenye baiskeli ataendelea kumkuta mzee mbele yake kwenye kona ya Karura. Apige kengele mapema, apunguze mwendo, aseme samahani. Mzee atasogea. Panzi hao wawili wakipishana salama, kunguru atakuwa amekosa cha kufurahia.